Kujifunza Kazi ya Mchambuzi wa Ulinzi wa Mtandao: Mwongozo kwa Anayeanzia Dar es Salaam

Wanafunzi wa DIT, IFM na CoICT pale Kijitonyama, pamoja na mafundi wa TEHAMA ambao tayari wana ajira katika ofisi za Posta na Kariakoo, huuliza maswali yanayofanana sana. Wanataka kujua waanze na cheti gani, wanunue kompyuta ya aina gani, kama ni lazima kujua kuandika programu, na kwa nini mtu aliyemaliza kozi kadhaa za mtandaoni bado hushindwa kueleza tahadhari moja (arifa ya mfumo kuhusu jambo la kutiliwa shaka) mbele ya jopo la usaili. Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kukupitisha katika kazi yenyewe, ukiwa nyumbani, kwa kutumia programu zisizolipiwa.

Mchambuzi wa ngazi ya kwanza hukaa zamu katika kituo cha ufuatiliaji wa usalama, ambacho wenye fani hukiita SOC. Mbele yake kuna foleni ya tahadhari zinazotolewa na mfumo unaokusanya logi (rekodi za matukio) kutoka kwenye seva, kompyuta za wafanyakazi na vifaa vya mtandao. Kwa kila tahadhari anatakiwa aamue kama ni ya kweli au si ya kweli, aandike sababu za uamuzi wake, na ikibidi aipeleke kwa mchambuzi wa ngazi ya pili. Ninaamini kwa dhati kwamba anayeweza kuifuata tahadhari moja tangu ilipozaliwa ndani ya Windows hadi kwenye ripoti iliyoandikwa vizuri yuko mbele ya mwenye orodha ndefu ya zana alizowahi kuzifungua, na hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata imani hiyo.

Mahitaji kabla ya kuanza

Unahitaji kompyuta yenye RAM ya GB 16, diski ya SSD yenye nafasi isiyopungua GB 120, na prosesa ya Intel au AMD yenye uwezo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta yako. Kompyuta mpakato zilizotumika, zile za kiofisi zinazouzwa kwa wingi Kariakoo, zinatosha kabisa, mradi umuulize muuzaji kama RAM inaweza kuongezwa na uifungue mwenyewe dukani kuthibitisha kiasi kilichomo. Kompyuta za Apple zenye chipu za M1 na kuendelea hazifai kwa maabara hii, kwa sababu mashine pepe tutakayoitumia imetengenezwa kwa ajili ya prosesa za x86, yaani za Intel na AMD.

Utapakua VirtualBox (programu ya kuendesha mashine pepe), mashine pepe iliyokwisha kuandaliwa ya Wazuh (mfumo wa kukusanya logi na kutoa tahadhari), toleo la majaribio la Windows 11 Enterprise ambalo hudumu siku 90, na Sysmon ya Microsoft, programu ndogo inayorekodi kwa undani kinachofanyika ndani ya Windows. Jumla yake ni GB nyingi, kwa hiyo usitegemee bando la simu. Zipakue chuoni au ofisini kwa ruhusa, kisha uzihifadhi kwenye diski ya nje. Andaa pia daftari, la karatasi au la kompyuta, kwa sababu utaandika kuliko unavyodhani.

Kama kompyuta yako ina RAM ya GB 8, usisubiri hadi upate nyingine. Weka Sysmon kwenye mashine pepe moja ya Windows, usome matukio kupitia Event Viewer, na kwa upande wa dashibodi utumie majukwaa ya mazoezi kama TryHackMe na LetsDefend, ambayo yana sehemu zisizolipiwa.

Onyo la kisheria linatangulia yote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa, hata kama hukuharibu wala kuiba kitu. Kila zoezi lililo hapa lifanyike ndani ya mashine zako pepe. Usijaribu kwenye mtandao wa chuo, wa ofisi, wala Wi-Fi ya jirani, kwa kisingizio cha kujifunza.

Hatua ya 1: Pata msingi wa mtandao, kisha usonge mbele

Jifunze anwani za IP, DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP), na jinsi muunganisho wa TCP unavyofunguliwa. Kariri poti (milango ya mawasiliano yenye namba) chache ambazo utakutana nazo kila siku: 22 ya SSH, 53 ya DNS, 80 na 443 za tovuti, 445 ya kushirikishana mafaili ya Windows, na 3389 ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali. Fungua Wireshark, rekodi trafiki ya kompyuta yako ukiwa unafungua tovuti moja, na uhakikishe kwamba unaweza kuonyesha ni wapi jina liliulizwa na ni wapi muunganisho ulianza. Ukishaweza hayo, nenda hatua ya pili. Wengi hukwama hapa kwa miezi wakitafuta kuujua mtandao wote kwanza.

Hatua ya 2: Jenga maabara

Ingiza mashine pepe ya Wazuh ndani ya VirtualBox, uipe RAM ya GB 8, na uweke kidhibiti cha picha kuwa VMSVGA, kwa kuwa vidhibiti vingine hugandisha dirisha lake. Kisha unda mashine ya Windows uipe GB 4.

Kosa linalowapotezea wanaoanza muda mwingi kuliko yote liko kwenye mpangilio wa mtandao. VirtualBox huweka kila mashine kwenye NAT, na katika hali hiyo kila mashine hupewa anwani ileile ya 10.0.2.15 na haiwezi kuiona nyingine. Iongezee kila mashine kadi ya pili ya mtandao, uichague kuwa Host-only Adapter. Baada ya hapo mashine zitapata anwani zinazoanza na 192.168.56 na zitawasiliana, huku NAT ikibaki kwa ajili ya masasisho ya intaneti.

Fungua dashibodi ya Wazuh kupitia kivinjari kwa kuandika https na anwani ya mashine hiyo. Badilisha nywila ya awali. Zima mashine zote mbili kwa utaratibu, kisha uchukue picha ya hali (snapshot) ya kila moja ndani ya VirtualBox, ili umeme ukikatika na kuharibu mafaili uweze kurudi hapo bila kuanza upya.

Hatua ya 3: Unganisha Windows na uwashe logi zinazohitajika

Kwenye dashibodi kuna sehemu ya kuongeza ajenti (programu ndogo inayotuma logi za Windows kwa Wazuh), ambayo hukuandalia amri ya PowerShell, dirisha la amri la Windows. Hakikisha anwani ya seva uliyoijaza ni ile ya 192.168.56 na si ile ya NAT, kisha uiendeshe amri hiyo ndani ya Windows kwa haki za msimamizi.

Sasa weka Sysmon kwa amri hii, ukitumia faili la mipangilio linalojulikana la SwiftOnSecurity ambalo linapatikana GitHub:

sysmon64.exe -accepteula -i sysmonconfig-export.xml

Ajenti haisomi logi za Sysmon mpaka uiambie. Fungua faili la ossec.conf lililomo ndani ya C:\Program Files (x86)\ossec-agent na uongeze kipande hiki kabla ya mstari wa mwisho unaofunga faili:

<localfile>
<location>Microsoft-Windows-Sysmon/Operational</location>
<log_format>eventchannel</log_format>
</localfile>

Anzisha huduma upya kwa amri ya Restart-Service WazuhSvc. Mwisho, ili majaribio ya kuingia yaliyoshindwa yarekodiwe bila shaka yoyote, endesha:

auditpol /set /subcategory:"Logon" /success:enable /failure:enable

Hatua ya 4: Zalisha matukio wewe mwenyewe

Unda akaunti ya kawaida iitwayo mhasibu1. Fungua dirisha la amri uandike runas /user:mhasibu1 cmd na ukosee nywila kwa makusudi mara tisa, kisha uiandike kwa usahihi mara ya kumi. Idadi hiyo ina sababu: matoleo mapya ya Windows 11 hufunga akaunti baada ya kukosea mara kumi ndani ya dakika kumi.

Baada ya hapo, kwa dirisha lenye haki za msimamizi, unda akaunti nyingine iitwayo msaada2 kwa amri ya net user, na uiongeze kwenye kundi la Administrators kwa amri ya net localgroup. Kisha endesha amri hii isiyo na madhara:

powershell -EncodedCommand dwBoAG8AYQBtAGkA

Malizia kwa kufuta logi ya usalama kwa kuandika wevtutil cl Security. Rudi kwenye dashibodi utazame. Logi zimefutwa ndani ya Windows, lakini nakala zake zilikwisha kufika Wazuh, pamoja na tukio namba 1102 linalosema kwamba kuna aliyezifuta.

Hatua ya 5: Soma tukio moja hadi mwisho

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Tafuta tukio namba 4625, ambalo ni jaribio la kuingia lililoshindwa, na usome kila sehemu yake badala ya kusoma kichwa chake tu. Aina ya kuingia ni namba inayoeleza njia iliyotumika: 2 ni mtu aliyeko mbele ya kompyuta, 3 ni kupitia mtandao, na 10 ni kuingia kwa mbali kwa poti 3389. Kodi ya SubStatus inaeleza sababu ya kushindwa: 0xC0000064 maana yake jina la akaunti halipo, 0xC000006A nywila si sahihi, na 0xC0000234 akaunti imefungwa. Majina mengi yasiyokuwepo yakijaribiwa kutoka anwani moja, huyo anakisia majina. Jina moja sahihi likikosewa nywila mara tatu saa mbili asubuhi siku ya Jumatatu, yaelekea ni mfanyakazi aliyebadilisha nywila yake Ijumaa.

Nenda kwenye tukio 4720, la kuundwa kwa akaunti, kisha 4732, la kuongezwa kwenye kundi. Hapo wengi husimama, kwa sababu katika 4732 jina la aliyeongezwa mara nyingi huonekana kama kistari tu, na kinachobaki ni SID, ile namba ndefu inayoanza na S-1-5-21. Chukua SID hiyo uilinganishe na ile iliyomo ndani ya 4720. Zikifanana, umethibitisha kwamba akaunti iliyoongezwa ni msaada2. Kazi ya mchambuzi kwa sehemu kubwa ni kuunganisha rekodi mbili kwa kitu kisichobadilika kama hiki, na jina au hisia havitoshi.

Angalia pia ni nani aliyetenda. Sehemu ya Subject inataja akaunti iliyofanya kitendo, na sehemu ya Target inataja iliyotendewa. Ukizichanganya utamtuhumu mtu asiyehusika, na katika ofisi halisi tuhuma hiyo inaweza kufika kwa afisa rasilimali watu kabla hujairekebisha.

Kwa ile amri ya PowerShell, tumia tukio namba 1 la Sysmon, ambalo linaonyesha amri nzima, programu iliyoizaa na hashi ya faili, yaani msimbo unaolitambulisha faili kama alama ya kidole. Maandishi yaliyofichwa yapeleke CyberChef, uyafungue kwa Base64 na kisha UTF-16LE. Utapata neno whoami. Ukiruka hiyo hatua ya pili, kila herufi itafuatiwa na alama tupu na utadhani kuna kilichoharibika.

Hatua ya 6: Sawazisha saa

Sisi huhesabu saa kuanzia macheo, mfumo huhesabu kuanzia usiku wa manane, na logi nyingi hutunza muda wa UTC, ambao uko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu. Tukio ambalo mlinzi wa jengo anasema lilitokea saa nane na dakika 14 usiku ni 02:14 kwa saa za Afrika Mashariki, na ndani ya logi ghafi litaonekana kuwa 23:14 ya tarehe iliyotangulia. Event Viewer hukuonyesha muda wa hapa, lakini sehemu ya UtcTime ya Sysmon haibadilishwi. Katika ripoti andika muda kwa tarakimu za saa 24, ukitaja EAT au UTC kila mara, na unapozungumza na shahidi kwa simu mrudie muda huo kwa namna zote mbili hadi mhakikishe mnaongelea usiku uleule.

Hatua ya 7: Andika tiketi

Tiketi nzuri inaeleza kilichoonekana, ushahidi, uamuzi na kinachopendekezwa, na mtu wa zamu ijayo anaweza kuifanyia kazi bila kukupigia simu. Zoezi la hatua ya nne lingeweza kuandikwa hivi:

"Kati ya 20:41:07 na 20:42:30 EAT, kompyuta WIN-LAB01 ilirekodi majaribio tisa yaliyoshindwa ya kuingia kwa akaunti mhasibu1 (4625, aina 2, 0xC000006A). Saa 20:42:41 EAT akaunti hiyo iliingia (4624, aina 2). Saa 20:44:15 EAT akaunti msaada2 iliundwa (4720) na saa 20:44:32 EAT iliongezwa katika Administrators (4732, SID imelinganishwa). Vitendo hivi viwili vya mwisho vilifanywa na akaunti ya msimamizi, si mhasibu1. Uhusiano wake na majaribio ya awali haujathibitishwa. Saa 20:51:03 EAT logi ya usalama ilifutwa (1102). Uamuzi: tahadhari ya kweli, inapelekwa ngazi ya pili. Pendekezo: akaunti msaada2 izuiwe, na mwenye akaunti ya msimamizi aulizwe kama ana kibali cha kazi hiyo."

Tazama sentensi inayosema uhusiano haujathibitishwa. Anayeanza hupenda kusimulia kisa kizima: mshambuliaji alikisia nywila, akaingia, akajitengenezea akaunti. Ushahidi hausemi hivyo, na tiketi isiseme zaidi ya ushahidi. Ongeza pia rejea za orodha ya mbinu za washambuliaji iitwayo MITRE ATT&CK, kwa mfano T1110 kwa kukisia nywila, T1136.001 kwa kuunda akaunti na T1070.001 kwa kufuta logi. Kwa kuwa ofisi nyingi, hasa benki na kampuni za simu, huandika ripoti kwa Kiingereza, fanya mazoezi ya kuandika tiketi ileile kwa lugha zote mbili.

Hatua ya 8: Chambua barua pepe za ulaghai

Chukua barua taka zilizomo kwenye sanduku lako mwenyewe na ufungue vichwa vyake kamili. Mistari ya Received husomwa kuanzia chini kwenda juu. Angalia matokeo ya SPF, DKIM na DMARC, vipimo vinavyokagua kama barua imetoka kweli kwenye jina la tovuti linalotajwa, lakini usiridhike kwa kuona zimepita, kwa sababu tapeli anaweza kuziweka sawasawa kwenye jina la tovuti alilolisajili mwenyewe. Soma jina hilo herufi kwa herufi: anwani inayoishia na co-tz.com haina uhusiano wowote na .co.tz.

Onyo: usipandishe kiambatisho cha ofisi au cha mteja kwenye VirusTotal, tovuti inayokagua mafaili kama yana virusi. Faili likishapandishwa linaweza kupakuliwa na wateja wengine wa huduma hiyo, na kama lina majina, mishahara au namba za NIDA, umevujisha taarifa ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda. Kokotoa hashi ya faili kwa amri ya Get-FileHash na utafute hashi hiyo peke yake.

Mambo yanapokwama

VirtualBox ikikataa kuwasha mashine na kutaja VT-x au AMD-V, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uwashe uwezo wa mashine pepe. Kompyuta nyingi zilizotumika huuzwa ukiwa umezimwa.

Ajenti ikionekana imekatika, fungua faili la ossec.log lililo katika folda ya ajenti. Likionyesha kwamba linajaribu kuunganisha bila mafanikio, linganisha anwani iliyomo ndani ya ossec.conf na anwani ya sasa ya Wazuh, kwani huweza kubadilika baada ya kuwasha upya. Mawasiliano hupita poti 1514 na usajili hupita 1515.

Ajenti ikiwa hai lakini tukio 4625 halionekani, anzia kwenye Event Viewer. Kama halipo huko, tatizo ni auditpol. Kama lipo huko na halipo kwenye dashibodi, kagua kwanza kipindi cha muda ulichochagua, kwa sababu mashine pepe iliyozimwa ghafla huweza kuamka na saa isiyo sahihi na matukio yako yakawa yameangukia jana.

Dashibodi ikiacha kupokea matukio mapya ilhali ajenti ni hai, angalia nafasi ya diski ya mashine ya Wazuh kwa amri ya df -h. Ghala la Wazuh hujifunga na kuwa la kusomwa tu diski inapofikia asilimia 95. Ikiwa dashibodi haifunguki kabisa, ipe muda wa dakika kadhaa baada ya kuwasha, na ukiona RAM imejaa, zima Windows uiache Wazuh ianze peke yake.

Ukihisi kwamba huelewi tukio lolote, punguza. Chagua namba moja ya tukio, ukae nayo wiki nzima, uizalishe kwa njia tatu tofauti na uone sehemu zipi zinabadilika.

Kuhusu vyeti na maombi ya kazi

CC ya ISC2 na Security+ ya CompTIA ni vyeti vya kuanzia vinavyotambulika, na kimoja kati yake kinatosha. Usilipie cha pili kabla hujawa na tiketi za kuonyesha. Kuandika programu si sharti la kuajiriwa ngazi ya kwanza, ingawa ujuzi mdogo wa Python na PowerShell utakupunguzia kazi za kurudiarudia. Nafasi za serikalini hutangazwa kupitia Ajira Portal, na za benki na kampuni za simu katika tovuti zao. Fuatilia pia matangazo ya TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya TCRA, ili ujue udhaifu unaotolewa taarifa nchini. Unapoomba mafunzo kwa vitendo, ambatisha tiketi tano za maabara yako zilizoondolewa nywila na taarifa binafsi, na uwe tayari kufungua dashibodi mbele ya anayekusaili na kumwonyesha ni rekodi ipi iliyokufanya uandike kila sentensi.